Behewa la Mkiani: Kazi, Makumbusho na Msamiati wa Reli

Kwa zaidi ya miaka mia moja, treni ya mizigo katika Marekani haikuhesabiwa kuwa imetimia mpaka lifungwe mkiani behewa moja dogo, aghalabu lililopakwa rangi nyekundu, lenye bomba la moshi juu ya paa na baraza fupi mbele na nyuma. Behewa hilo halikuchukua shehena wala abiria. Lilichukua watu wawili au watatu, jiko, meza, vitanda, taa na bendera. Kiingereza cha Marekani hulijua kwa jina la caboose. Leo limetoweka karibu kabisa katika njia kuu za reli za nchi hiyo, na atakaye kulipanda hana budi kwenda makumbusho.

Makala haya yanakusudia kutazama mambo matatu. Kwanza ni historia ya behewa hilo na ya watu waliofanya kazi ndani yake. Pili ni hali yake lilipokwisha kuwa kitu cha makumbusho. Tatu, na hili ndilo linalotuhusu zaidi sisi wanafunzi wa lugha, ni funzo tuwezalo kulipata kuhusu msamiati wa reli katika Kiswahili. Rai yetu ni kwamba historia ya neno la kazi haiwezi kutengwa na historia ya kazi yenyewe, na kwamba makumbusho yanayohifadhi chuma bila ya maneno ya waliokitumia huhifadhi nusu tu ya jambo.

1. Kutoka merikebuni hadi relini

Neno caboose halikuzaliwa relini. Lilitoka baharini. Katika lugha za Kiholanzi na Kijerumani cha pwani ya kaskazini, neno la asili lilikuwa na maana ya jiko la merikebu, yaani kile kibanda cha juu ya sitaha ambamo mpishi aliwapikia mabaharia. Hata leo Mholanzi huliita jiko la meli kombuis. Mabaharia wa Kiingereza walilichukua neno hilo katika karne ya 18, na katikati ya karne ya 19 likapanda nchi kavu likapewa kibanda kingine, kile cha mkiani mwa treni.

Sababu ya uhamisho huu si ngumu kuiona. Mabehewa ya kwanza ya aina hii yalikuwa magari ya wazi yaliyojengewa kibanda cha mbao ili wafanyakazi wapate kujikinga na mvua na baridi. Ndani yake mlikuwa na jiko la chuma, na juu yake bomba la moshi. Aliyewahi kuona jiko la merikebu hakuhitaji kufundishwa jina la chombo kama hicho. Neno lilifuata mfanano wa umbo na mfanano wa maisha, kwani humo pia walikaa watu walio mbali na kwao, wakala na kulala mahali pao pa kazi.

Yafaa ikumbukwe kwamba jina hilo halikuwa peke yake. Kampuni mbalimbali za reli zilikuwa na majina yao rasmi, na wafanyakazi walikuwa na yao ya utani, mengine ya kusifu na mengine ya kulalamikia uchafu na mtikisiko. Wingi wa majina ni dalili ya wingi wa watumiaji. Chombo kisichowagusa watu hakipewi jina la utani.

2. Kazi ya watu wa mkiani

Ili kuelewa kwa nini behewa hili lilihitajiwa, hatuna budi kuirudia hali ya treni kabla ya breki za upepo. Wakati huo dereva wa injini hakuwa na uwezo wa kuisimamisha treni yote peke yake. Alipopiga honi ya ishara, watu wa breki walipanda juu ya mapaa ya mabehewa, treni ikiwa mwendoni, wakarukia kutoka behewa hadi behewa wakizungusha magurudumu ya breki kwa mikono. Walifanya hivyo usiku na mchana, katika mvua, upepo na barafu. Kuyaunga mabehewa nako kulikuwa kazi ya hatari: mtu alisimama baina ya mabehewa mawili akatia pini katika kiungo kwa mkono wake, na wengi walipoteza vidole, mikono au maisha.

George Westinghouse alipata hati ya breki yake ya kwanza ya upepo mwaka 1869, naye Eli Janney akapata hati ya kiungo chake cha kujifunga chenyewe mwaka 1873. Hata hivyo uvumbuzi haukutosha. Ilibidi Bunge la Marekani lipitishe sheria mwaka 1893 ya kuzilazimisha kampuni kutumia breki hizo na viungo hivyo. Hapa pana funzo ambalo litarudi mbele: chombo kipya hakiingii kazini kwa ubora wake tu, bali kwa sheria, gharama na mapatano ya watu.

Baada ya breki za upepo kuenea, watu wa mkiani hawakukosa kazi. Mkubwa wao alikuwa ndiye msimamizi wa treni nzima. Dereva aliiendesha injini, lakini safari ilikuwa chini ya mamlaka ya huyu wa nyuma. Mezani pake alikuwa na hati za kila behewa: limebeba nini, latoka wapi, litaachwa stesheni gani. Msaidizi wake alikuwa na kazi ya kuilinda treni kwa nyuma. Iliposimama mahali pasipotazamiwa, alishuka akarudi nyuma kwa miguu umbali wa kutosha, akiwa na bendera nyekundu mchana au taa nyekundu usiku, pamoja na fataki ndogo zilizofungwa juu ya reli ili zilipuke zikikanyagwa na kumwonya dereva wa treni ifuatayo. Usalama wa watu wasiojuana ulitegemea miguu ya mtu huyo mmoja.

Kazi yao nyingine ilikuwa kutazama. Zamani ncha za ekseli zilizunguka ndani ya masanduku yaliyojazwa matambara yaliyolowa mafuta. Mafuta yakipungua, chuma kilisuguana na chuma, moto ukawaka, na ekseli ikaweza kukatika na kuiangusha treni. Kabla ya hayo kutokea ulionekana moshi. Kwa hiyo behewa la mkiani lilijengewa kijumba kidogo juu ya paa, chenye madirisha pande zote na viti viwili, ambapo mtu alikaa akiangaza macho juu ya mgongo wa treni. Masimulizi ya reli humtaja msimamizi mmoja wa Chicago and North Western, mwaka 1863, aliyetoboa paa la behewa lake bovu, akakaa juu ya masanduku na kutoa kichwa nje, akaona kwamba ni mahali pazuri pa ulinzi. Mabehewa ya mizigo yalipozidi kuwa marefu kwenda juu, kampuni nyingine zilipendelea madirisha yaliyotokeza ubavuni, ili mtu atazame kandokando ya treni badala ya juu yake.

Kiswahili hakikosi neno la kijumba hicho. Mkulima ajengapo kilingo cha miti katikati ya shamba ili awaone ndege na nguruwe kabla hawajaharibu mazao, kilingo hicho huitwa dungu. Behewa la mkiani lilikuwa na dungu lake, na aliyekaa humo alilinda mali isiyokuwa yake, kama walivyo walinzi wengi wa mashamba.

Wala mahali hapo hapakuwa pa starehe. Kila kiungo cha treni kina nafasi ndogo ya kulegea. Treni ya mabehewa mia moja ina viungo mia moja, na injini ivutapo au ifungapo breki, nafasi hizo hujumlishwa toka mbele hadi nyuma. Mshtuko ambao kwa dereva ni mdogo, kwa mtu wa mkiani ulikuwa wa kumtupa ukutani. Ndiyo maana jiko lilifungwa sakafuni kwa misumari ya parafujo, nayo vyuma vya kushikilia vikawekwa kila mahali. Watu walijeruhiwa humo bila ya treni kuanguka.

3. Kuondolewa kwa behewa

Lililoliondoa behewa la mkiani halikuwa jambo moja. Ekseli zilianza kuzunguka juu ya roli za chuma zisizoshika moto kwa urahisi. Mitambo iliwekwa kando ya njia ili kupima joto la magurudumu yapitapo. Redio iliwawezesha wafanyakazi kuzungumza bila ya bendera, na hati za mizigo zikaanza kushughulikiwa na kompyuta. Mwishowe kikaja kisanduku kidogo kinachotundikwa kwenye kiungo cha behewa la mwisho. Hicho hupima nguvu ya upepo wa breki mkiani, humpelekea dereva habari kwa redio, na huwaka taa nyekundu ya kumetameta usiku.

Reli ya Florida East Coast ilikuwa miongoni mwa za kwanza kuendesha treni bila ya behewa la mkiani, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Katika reli kubwa nyingine jambo hilo lilizuiwa na mikataba ya wafanyakazi, na katika majimbo kadhaa lilizuiwa na sheria. Mwaka 1982 mapatano kati ya kampuni na chama cha wafanyakazi yalifungua njia ya kuyaondoa, na katika miaka iliyofuata mabehewa kwa maelfu yalikatwa kuwa chuma chakavu, yakauzwa kuwa nyumba za mapumziko na mikahawa, au yakapewa miji na makumbusho.

Hoja za kila upande zastahili kusikilizwa. Kampuni zilisema kwamba behewa lisilobeba mzigo ni gharama tupu, na kwamba watu waliumia humo kuliko walivyookoa. Wafanyakazi walisema kwamba kisanduku hakina pua ya kunusa chuma kinachoungua wala sikio la kutambua gurudumu bovu, na kwamba mtu akitoka mkiani hatapewa kazi mbele. Jambo la pili lilithibitika, maana idadi ya wafanyakazi katika treni ilipunguzwa. Ama kuhusu la kwanza, ni kweli kwamba hatari nyingi za zamani zilikwisha. Lakini ni kweli pia kwamba ujuzi wa kuisikiliza treni kwa mwili mzima, ambao mtu aliupata kwa miaka mingi, ulikosa mahali pa kurithiwa.

Kwa msomi wa lugha pana jambo la kuzingatia hapa. Herufi za kwanza za maelezo ya Kiingereza ya kile kisanduku, zikipangwa pamoja, husomeka kama jina la mwanamume: Fred. Wafanyakazi walilidaka jina hilo wakalitumia. Waliowaona wenzao wakishushwa treni walikiita kilichochukua nafasi yao kwa jina la mtu. Huo ni mzaha, lakini ndani yake mna historia nzima ya mgogoro ule, na hakuna hati ya mkataba inayoieleza kwa ufupi zaidi.

4. Behewa lililo makumbusho

Miongoni mwa makumbusho ambamo mgeni aweza kulipanda behewa la namna hii ni yale ya Portola, katika milima ya Sierra Nevada, jimbo la California. Reli ya Western Pacific, iliyokamilishwa mwaka 1909 kati ya Salt Lake City na pwani ya Pasifiki, ilipita hapo. Mwaka 1982 reli hiyo ilimezwa na Union Pacific, na mwaka uliofuata wapenzi wa reli waliunda chama cha kuyahifadhi mabaki yake. Makumbusho yenyewe yamo katika karakana ya zamani ya injini za dizeli. Siku za kiangazi, treni fupi ya mabehewa ya mkiani huwazungusha wageni ndani ya uwanja.

Mwandishi wa makala haya aliipanda treni hiyo alipokuwa masomoni ng'ambo. Mwendo wake ni wa polepole, na safari ni fupi. Hata hivyo mtu hujifunza upesi mambo ambayo kitabu hayamwelezi. Injini ivutapo, sauti ya viungo huja kutoka mbele, kimoja baada ya kingine, na mgeni ambaye hajashika chuma hupepesuka ijapokuwa mabehewa ni machache. Hapo ndipo azidishapo mara thelathini katika akili yake. Watoto hukimbilia dunguni. Watu wazima husimama barazani, wakitazama reli zinavyokimbia kurudi nyuma.

Lakini kutazama huko nyuma kwenyewe ni kinyume cha kazi ya zamani. Mtu wa mkiani alitazama mbele, kwenye ubavu wa treni yake, akitafuta moshi. Treni ya makumbusho haina mzigo wa kulindwa, haina hati mezani, wala haifuatwi na treni nyingine. Behewa lipo, mahali pa kazi papo, kazi haipo. Kinachoiziba nafasi hiyo ni mazungumzo. Wanaoiendesha treni ni watu wa kujitolea, na baadhi yao waliwahi kufanya kazi ya reli. Hueleza kila chuma ni cha nini na kiliitwaje, na wasiyoyaeleza hayajulikani kwa kukitazama chuma. Watu hao ni wazee. Mwandishi alitoka humo akijiuliza ni nani atakayewaeleza wageni wa miaka thelathini ijayo.

5. Kwetu: mabehewa na maneno

Afrika Mashariki nayo ina historia ya mabehewa ya wafanyakazi. Mkiani mwa treni za mizigo lilifungwa behewa la gadi. Zaidi ya hilo, katika zama za mvuke zilikuwapo treni za safari ndefu zilizokuwa na timu mbili za wafanyakazi: moja ikiiendesha injini, nyingine ikilala katika behewa la mapumziko, kisha wakabadilishana zamu. Kwa Kiingereza cha reli zetu behewa hilo la kulala ndilo lililoitwa caboose. Jina ni moja na lile la Marekani, lakini chombo ni kingine na kazi ni nyingine. Mfasiri ategemeaye umbo la neno tu atapotea hapa.

Mfano wa pili ni wa mtu mwenyewe. Yule msimamizi wa treni ya mizigo, Wamarekani humwita kwa neno lile lile ambalo sisi tumelitohoa kuwa kondakta. Lakini kondakta wetu ni mtu wa basi au matatu, mpokea nauli. Kumwita msimamizi wa mkiani kondakta ni kumvua mamlaka yake yote. Gadi ndilo neno la karibu zaidi, kwa sababu lilikwisha kutumika relini kwa mtu wa kazi inayofanana.

Tukiutazama msamiati wa reli wa Kiswahili kwa jumla, twaona matabaka. Maneno ya mitambo na kanuni yalitoholewa kutoka Kiingereza: reli, stesheni, injini, breki, gadi, tikiti. Neno gari asili yake ni Bara Hindi, nalo latukumbusha wale Wahindi yapata 32,000 walioletwa kuijenga Reli ya Uganda kati ya 1896 na 1901, ambao karibu 2,500 kati yao walikufa. Maneno safari, mzigo na kituo yalikuwa ya misafara ya miguu. Kituo ni pale wapagazi walipotua mizigo yao. Tabaka kongwe kabisa ni la bahari. Nauli ni malipo ya chombo; Kiarabu kililipata neno hilo kutoka Kiyunani, ambamo lina uhusiano na neno la merikebu. Abiria ni mvukaji. Shehena ni ya jahazi kabla ya kuwa ya treni. Na mataruma, ambayo juu yake reli hulazwa, yalikuwa kwanza mbao za kuimarisha chombo cha baharini.

Behewa lenyewe lilikuwa la nyumbani. Maana yake ya zamani ni ukumbi au ua wa ndani wa nyumba kubwa, na pia ghala. Treni ilipokuja, Waswahili walikiona chumba kirefu chenye kuta na paa, cha kuwekea watu au mali, nao wakakipa jina la chumba wakijuacho.

Tukilinganisha, twaona kwamba Mmarekani alilichukua jiko la merikebu akalifunga mkiani mwa treni, na Mswahili akalichukua behewa la nyumba na mataruma ya jahazi akavitia relini. Hakuna aliyemfundisha mwenzake. Watu wa bahari, wakutanapo na chombo kipya cha nchi kavu, hukisoma kwa lugha ya chombo wanachokijua. Hili lapinga dhana isikikayo mara kwa mara, kwamba lugha zetu hukipokea kitu kipya kwa kukopa tu. Zilikopa, ndiyo, lakini pia zilipanua yaliyokuwa yake, na zilifanya hivyo vinywani mwa wafanyakazi kabla ya kuwapo kamati yoyote ya istilahi.

6. Hitimisho

Makumbusho ya Reli ya Nairobi yalifunguliwa mwaka 1971. Humo mna injini kubwa ya mvuke Mount Gelai, ya daraja la 59, na behewa ambalo simba alimvamia na kumwua Charles Ryall, afisa wa polisi, huko Kima mwaka 1900. Wageni wengi huijua habari ya behewa hilo. Si wengi wajuao gadi alifanya nini, wala wafanyakazi waliyaitaje kwa Kiswahili, Kiluo, Kikamba au Kipunjabi yale mamia ya vyuma yaliyopita mikononi mwao. Kamusi zetu nazo hulitaja taruma na behewa, lakini ni chache zielezazo neno hilo lilipitia kazi gani.

Reli ya Kenya iliundwa kuwa shirika la peke yake mwaka 1978, baada ya shirika la Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977. Kijana aliyeajiriwa katika mwaka huo leo amekwisha kustaafu. Treni mpya ya kati ya Mombasa na Nairobi, iliyoanza mwaka 2017, imekuja na mitambo yake na istilahi zake, na vijana wake hawahitaji maneno ya mvuke ili wafanye kazi. Kwa hiyo muda wa kuyakusanya maneno hayo ni mfupi, na kazi yenyewe haihitaji fedha nyingi: wanafunzi wachache wenye vinasa sauti, wazee wa karakana za Nairobi, Mombasa na Kisumu, na orodha ya sehemu za treni ya kuanzia mazungumzo. Idara zetu za lugha zaweza kuyapeleka matokeo makumbusho, yakaandikwa kwenye vibao kando ya vyuma vinavyohusika, na nakala ikabaki kwa watunga kamusi. Mwandishi angependekeza tuanze na magadi, kwa kuwa wao ndio waliokuwa wakiiona treni yote.